Swala tomi na swala granti mnawatofautishaje? Kuna mbuzi mzima yuko kwenye dau

Fundi Saa #1
Wakuu heshima mbele, naenda moja kwa moja. Mwezi wa tatu mwanzoni tulishuka kreta ya Ngorongoro mimi, mama watoto, watoto wawili na shemeji yangu, kaka yake mama watoto. Kule chini tukamkuta swala mmoja kasimama ubavu karibu na nyumbu na ndama wake, ana ule mstari mweusi ubavuni, mweusi tii kama umepigwa na brashi. Nikasema yule ni swala tomi, maana tangu shule ya msingi najua mwenye mstari ndo tomi, asiye na mstari granti. Shemeji akacheka mpaka akakohoa, anasema yule granti, tomi hawi mkubwa vile. Ubishi ukapanda mpaka watoto wakaacha kuangalia faru. Tukamuuliza dereva, akajibu "wote swala tu hao, tusogee kwa simba".

Tumerudi Dar tumewekeana mbuzi. Jike, nimemfata mwenyewe mnadani Pugu, kafungwa hapa nyuma ya nyumba anakula maganda ya ndizi. Mshindi anaondoka nae.

Picha ndo hiyo. Naomba wanaojua kweli, sio wa kubahatisha.

Bwana Mikoba #2
Nakaa siti ya mbele. Hili swala la swala ni swala nyeti.

Mama Swabra #3
Swala ninazozijua mie ni tano, ya kwanza alfajiri. Hizo za tomi na granti mnaswali msikiti gani?

Chaki Nyeupe #4
#2 ni SUALA la SWALA. Moja jambo, moja mnyama. Na aliyoitaja #3 ni sala au swala kutegemea umezaliwa wapi. Miaka ishirini na mbili nafundisha hiki kitu na bado mnaniua.

Tajiri wa Mkopo #5
Mbona rahisi, huyo swala pala dume. Angalia pembe. Leta mbuzi kwangu.

Gaidi Mpole #6
Poleni na majukumu. Mimi natembeza wageni kanda ya kaskazini muda mrefu sasa (ndio, kazi yetu inaitwa gaidi, msikimbie).

Nianze na #5. Kaka, chini kwenye kreta hakuna swala pala. Unaweza kukaa kule siku nzima, utaona nyumbu, pofu, kongoni, tomi, granti, lakini pala humuoni, kama vile twiga usivyomuona. Wapo huku nje kwenye miti, kule bondeni hawashuki. Alafu pala hana mstari mweusi ubavuni. Mistari yake iko matakoni, mitatu, mmoja kwenye mkia na miwili pembeni, wageni wa Kimarekani ukiwaonyesha wanasema ni ile M ya McDonald's. Na kwenye miguu ya nyuma juu ya kisigino ana kishungi cheusi kama soksi imeshuka. Pembe ni dume tu.

Sasa tomi na granti. Sahau mstari. Mstari umeponza watu wengi. Majike ya granti na watoto wao wengi nao wana mstari, wengine mweusi kabisa, dume akikomaa ndo unafifia. We angalia MATAKO. Nyeupe ya granti inapanda inapita juu ya mkia inaingia mgongoni, kama mzee wa kanisa aliyepandisha suruali mpaka kwenye mbavu. Nyeupe ya tomi inaishia chini ya mkia. Tomi anavaa mlegezo. Ukishika hilo hukosei tena maisha yako yote.

Kwahiyo mleta uzi tupe picha ya nyuma.

Fundi Saa #7
Asante sana mkuu #6. Tatizo ndo hapo. Ukiangalia vizuri picha, matako yamekingwa na yule ndama wa nyumbu. Kichwa cha ndama kimekaa palepale kwenye mkia.

Bwana Mikoba #8
Hahahaha ndama kahongwa huyo.

Konda Mstaafu #9
#6 umenikumbusha mbali kwenye hao pala. Nimepiga ruti ya Dar Iringa miaka kumi na kitu, ile barabara inakata katikati ya hifadhi ya Mikumi kilomita hamsini, na pale kuna bango la faini, kila mnyama na bei yake, kwahiyo msicheze na elimu hii, dereva akigonga usiku mnashuka na tochi mnaanza kubishana huyu nani ili mjue mmeumia kiasi gani. Kuna siku gari ilitufia saa nane usiku katikati ya hifadhi, abiria wote ndani vioo juu, tukasikia ngurumo kwenye majani, inakoroma inakata inakoroma, mama mmoja akaanza kutubu dhambi zake kwa sauti na zingine zilimhusu mume wake aliyekuwa siti ya nyuma. Simba, kila mtu anasema simba. Kulipopambazuka tunaona madume mawili ya swala pala yanafukuzana pembeni ya barabara yanakoroma vilevile. Yakiwa kwenye kugombea majike yanakoroma kama trekta. Yule mama na mume wake sijui waliishia wapi.

Tajiri wa Mkopo #10
#6 sawa nimekubali sio pala. Ila basi ni tomi, pembe zile zimesimama.

Dada Nyika #11
Jamani pembe nazo zina elimu yake. Tomi dume ana pembe ndefu zimekaribiana, zina mapingili, zinaenda nyuma kidogo. Tomi jike ana vipembe kama penseli zilizochongwa vibaya, vifupi, kimoja kinaweza kuwa kimepinda, mwingine hana kabisa. Granti jike pembe zake nyembamba lakini ndefu za maana, na granti dume ndo usiseme, mapembe mazito.

Kwenye picha pembe zimepita masikio kama mara mbili. Kwahiyo tomi JIKE tumemtoa. Anabaki tomi dume, granti jike, au granti dume mdogo. Fundi Saa, huyo mnyama ni dume au jike?

Fundi Saa #12
Dada majani yamefika tumboni. Mwezi wa tatu majani marefu. Hakuna kinachoonekana.

Mama Swabra #13
Huyo mnyama kavaa hijabu kamili mashaallah.

Nyuki wa Sikonge #14
Mbona hamuongelei ukubwa? Tomi ni kadogo, mabegani kama sentimita sitini hivi, kilo hakafiki 35. Granti ni sabini na tano kwenda mpaka tisini na kitu, dume linaweza kugonga kilo 80. Huyo mnamlinganisha na nyumbu hapohapo jibu mnalo.

Gaidi Mpole #15
#14 namba zako sawa ila hapo kuna ndama sio nyumbu mkubwa, mama yake kasimama mbali nyuma. Nyumbu wanazaa sana mwezi wa kwanza mpaka wa tatu, kwahiyo huyo ndama anaweza kuwa wa wiki moja au wa miezi miwili, na hao ni ndama wawili tofauti kabisa kwa kimo. Kupima kwa ndama ni kama kupima kitambaa kwa rula ya mpira.

Shemeji Mtu #16
Nimejiunga leo tu kwa ajili ya huu uzi. Mimi ndiye shemeji. Mtoa mada hajasema kwamba yeye alikaa upande wa dirisha lililokuwa limejaa vumbi. Yule ni granti jike, mstari upo ndio lakini shingo ndefu na kasimama kwa kujiamini. Mbuzi aanze kuaga.

Bwana Mikoba #17
Shemeji kaingia ulingoni aisee. Naongeza popcorn.

Msee wa Voi #18
Niaje wasee. Huku kwetu Tsavo hiyo shida haipo juu tomi hata hakuna, ni granti tu, so ukiona kitu ina mstari unajua ni dem ama mtoto. Yenye inatusumbua ni swala twiga, wageni wanadhani ni twiga mchanga. Ile inasimama na miguu mbili za nyuma ikikula majani juu ya mti. Ukiiona imesimama hivyo hauwezi sahau.

Na kuna hirola, sijui mnaijua. Asili yake ni huko Garissa na Tana River karibu na mpaka wa Somalia, zimebaki chini ya 500 dunia mzima. Zingine zililetwa Tsavo Mashariki 1963 na tena 1996 ndio mbegu isiishe. Iko na mstari nyeupe katikati ya macho kama miwani, na chini ya macho iko na matezi meusi makubwa ndio watu husema iko na macho manne. Kwa mbali utaapa ni kongoni.

Dada Nyika #19
#18 asante, umegusa kongoni. Watu wanachanganya kongoni na nyamera kila siku. Kongoni ni wa rangi ya mchanga, sura ndefu kama kapokea taarifa mbaya. Nyamera ana rangi ya chokoleti inayong'aa, mapajani na mabegani ana mabaka ya zambarau iliyoiva, miguu chini ya magoti ya njano kama amekanyaga udongo mfinyanzi. Na anapenda kupanda juu ya kichuguu anasimama masaa, anaangalia tu.

Konda Mstaafu #20
Kama mwenyekiti wa mtaa.

Mzee wa Mbuyuni #21
Mnaongea majina kama yameandikwa mbinguni. Mimi nawauliza, KORONGO ni nani? Nimesoma kwenye bango moja kwamba korongo ni swala mkubwa mwenye pembe zilizorudi nyuma. Sisi tumekua tunajua korongo ni ndege miguu mirefu.

Nyuki wa Sikonge #22
Korongo ni mnyama mzee wangu, huku Tabora wapo. Mkubwa karibu kama farasi, uso umepakwa nyeusi na nyeupe kama kinyago, masikio marefu kama ya punda yana nywele nchani. Anafanana na palahala ila palahala dume ni mweusi na pembe zake ni ndefu zaidi zimepinda kama upinde. Ukiona dume la palahala jua likimpiga huwezi kulala.

Chaki Nyeupe #23
Korongo ni ndege, korongo ni mnyama, na korongo ni bonde lililochimbwa na maji. Unaweza kumkuta korongo amesimama korongoni anamwangalia korongo. Sentensi sahihi kabisa, na nitaiweka kwenye mtihani.

Msee wa Voi #24
Kwetu hiyo ya kufanana na farasi imebaki tu Ruma, Homa Bay. Palahala nayo iko Shimba Hills peke yake. Hatubishani juu ya jina, tunabishana kama itakuwepo.

Sharifa wa Unguja #25
Nyie wa bara mna mambo. Sie huku kila chenye miguu minne, pembe na mbio ni paa. Kuna paa mdogo yule, na kuna paa nunga, wa Jozani, mwekundu hivi, mapajani ana utepe mweupe kama kapitishiwa chaki. Basi. Maisha yanakwenda.

Tajiri wa Mkopo #26
Kwani paa sio la nyumba?

Sharifa wa Unguja #27
Lako linavuja.

Mzee wa Mbuyuni #28
Na ayala tunayemsoma kwenye Zaburi ni yupi kati ya hao?

Gaidi Mpole #29
Ayala sio wa huku mzee. Wale ni jamii inayoangusha pembe kila mwaka zikaota upya, zenye matawi. Hawa wetu wote wako ukoo mmoja na mbuzi na ng'ombe, pembe moja moja haina tawi, ikivunjika ndo imetoka. Wageni wangu wakisema wameona ayala Serengeti huwa nanyamaza mpaka wanipe bakshishi.

Ndugu wa Goma #30
Jambo bandugu. Huku Virunga tuko na kob, watu wengi banaita swala tu. Anafanana sana na pala wenu, rangi ileile, lakini hana mistari ile ya nyuma, na miguu ya mbele iko na alama nyeusi. Waganda wamemuweka kwenye nembo ya taifa pamoja na korongo. Korongo ndege.

Chaki Nyeupe #31
Asante ndugu wa Goma kwa kufafanua korongo yupi. Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekupa alama.

Binti Ifakara #32
#30 kob huyo ana ndugu yake huku bonde la Kilombero, tunamwita sheshe. Hana mstari hana doa, dhahabu tupu kuanzia juu hadi chini. Bibi yangu alikuwa anasema ukimuona mnyama hana alama yoyote ujue ni sheshe.

Tajiri wa Mkopo #33
Swali la kiutu uzima. Kati ya hao wote mtamu nani?

Konda Mstaafu #34
Utamu utausikia vizuri ukiwa ndani. Hiyo ni nyara ya serikali, usiulize kwa jina lako la mtandaoni tunalolijua. Nenda bucha la nyamapori lenye kibali.

Nyuki wa Sikonge #35
Kuro tu msimguse hata kwa kibali. Ana mafuta kwenye manyoya yananuka, ukikaa upande wa upepo unamjua kabla hujamuona. Nayo hiyo ni njia ya kutambua. Nyingine ni ile duara nyeupe nyuma kama amekalia beseni la chokaa.

Gaidi Mpole #36
#35 duara ni kwa kuro wa mashariki. Wa Serengeti na kreta matako yote yanakuwa meupe hakuna duara, ni kama kajaza fomu yote. Na ukienda mbuga ya Nairobi wamechanganyikana, utakuta duara lisilofungika vizuri, hujui umwite nani. Ndo maana huwa nawaambia wageni, alama ni za kusaidia, mnyama mwenyewe hajasoma kitabu.

Fundi Saa #37
Wakuu tumetoka kwenye mbuzi. Nina jambo jipya. Binti yangu wa miaka saba jana usiku kanisikia naongea na simu, akasema "baba si yule aliyekuwa anapepea mkia?". Nikamuuliza anapepea vipi, akachukua kijiko akakitikisa kushoto kulia harakaharaka bila kupumzika.

Dada Nyika #38
Tomi! Mkia wa tomi ni mweusi na hautulii, muda wote unatikisika kama feni ya meza. Ni alama ya kwanza mtu wa porini anaitumia kwa mbali kabla hata ya kuona matako.

Shemeji Mtu #39
Napinga. Mjomba wake namjua vizuri mpwa wangu. Pale kulikuwa na swala kama kumi na tano, yeye alikuwa anaangalia wale wadogo wa kulia kwake. Hao walikuwa tomi, sikatai. Wa kwenye picha yuko kushoto.

Bwana Mikoba #40
Shahidi amehojiwa vikali.

Mama Swabra #41
Jamani kwanza huo mstari una kazi gani? Tukijua kazi yake labda tutajua wa nani.

Nyuki wa Sikonge #42
Ni wa kumchanganya duma. Kundi likikimbia mistari inayumba anashindwa kuchagua mmoja.

Dada Nyika #43
Mimi nilisikia ni kuvunja umbo. Tumbo jeupe, mgongo wa kahawia, mstari katikati, kwa mbali kwenye joto mwili unakatika vipande viwili hauonekani kama mnyama.

Konda Mstaafu #44
Sasa mnyama wa kujificha anarukaruka vile ya nini? Tomi akimuona duma anaruka juu miguu yote minne imekakamaa kama kaungua, badala ya kukimbia.

Gaidi Mpole #45
Pale anamwambia duma nimekuona na nina afya, kamtafute mwingine. Angalau ndo wengi wanavyosema, wengine wanasema anawashtua wenzake. Mstari unaweza kuwa wa hayo hayo, ukiruka unaonekana zaidi. Mimi nimeona duma akimfata hohahe anayekimbia bila kuruka, na nimeona duma akimkamata aliyeruka vizuri kuliko wote. Na kitu kingine, hao wawili mnawaita ndugu, wataalamu siku hizi wamewatenga kabisa, tomi jenasi yake na granti jenasi yake. Majina yenyewe ni ya wazungu wawili, Thomson aliyepita Umasaini 1883, na Grant yule aliyetembea na Speke kutafuta chanzo cha Nile.

Mzee wa Mbuyuni #46
Kwahiyo kabla ya hao wazungu walikuwa hawana mikia?

Fundi Saa #47
Shemeji, we ulipiga picha nyingi kwa ile kamera yako. Si kuna moja ulizunguka nyuma ya gari?

Shemeji Mtu #48
Ipo. Ila kamera nimemuazima mtu, yuko safari Mwanza.

Tajiri wa Mkopo #49
Anajua keshashindwa huyu.

Dada Nyika #50
Au anajua kashinda anataka dau lipande.

Gaidi Mpole #51
Picha ikija nitageni. Mpaka sasa mimi nasema granti jike asilimia sitini, kwa ajili ya urefu wa pembe na wembamba. Ila uso una weusi mkali kutoka jichoni mpaka puani na hiyo ni tabia ya tomi zaidi, ndo inaninyima usingizi.

Nyuki wa Sikonge #52
Mimi granti dume mdogo. Sibadiliki.

Konda Mstaafu #53
Miezi inapita. Wadau huu uzi umelala? Mtu wa Mwanza hajarudi?

Shemeji Mtu #54
Karudi. Kadi ya kumbukumbu ilifutwa akaweka harusi.

Bwana Mikoba #55
Nchi hii.

Fundi Saa #56
Wakuu taarifa fupi. Mbuzi wa dau kazaa mapacha jana alfajiri, kumbe Pugu niliuziwa mwenye mimba. Shemeji kapiga simu anasema mama abaki kwenye dau ila watoto tugawane, mimi nasema watoto wamekula maganda yangu ya ndizi tangu tumboni. Naombeni ushauri.

Mama Swabra #57
Hongera. Wana mstari ubavuni?